Jina Ulilozikwa Nalo

Mpendwa baba,

Jiwe lako limewekwa jana. Najua ungeuliza kwanza kuhusu herufi: zimekaa sawa, hakuna iliyolala.

Nakumbuka karakana yako ya mawe ya makaburi kule mtaa wa Turffontein, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Hukugusa patasi kabla wafiwa hawajalitamka jina la marehemu, nawe hujalirudia mbele yao. "Alisikie kwanza, ndiyo nichonge," ulisema. Bibi mmoja Mwingereza wa mtaa wa Kensington, jijini humu humu, alipoleta jina la mumewe, Featherstonehaugh, ulihangaika nalo mpaka jasho likakutoka. Akacheka huku analia.

"Fanshoo," akasema. Basi.

Ulirudi nyumbani unalalamika: "Herufi kumi na saba, mwanangu, halafu wanazimeza! Eish!" Lakini ulishamuuliza limetoka wapi, akakwambia ni jina la mahali huko kwao, kando ya mto. Ukanogewa. Likaja Beauchamp, ambalo wao hulisema Bichamu; Mzee Kabongo, mwenzako Mkongo wa karakana, alikufumbulia kuwa ni Kifaransa kitupu, yaani shamba zuri. Cholmondeley lilipokuja ukasema "Chamli" bila kusita, ukavimba kichwa wiki nzima.

Majina ya watu uliyafuata mpaka yalikozaliwa. Lako ulilificha. Uliingia nchi hii ya kusini kwa kitambulisho cha mtu usiyemjua, ukaoa kwa jina lake, ukatuandikisha sote kwalo. Lile ulilopewa Tanga ulikozaliwa ulinitajia mara moja tu, hospitalini. "Usilitoe nje," ukaninong'oneza. "Mama yako na wadogo zako watafukuzwa nchini."

Sikulitoa, baba. Mwezi uliopita Mzee Kabongo alishika patasi akaniangalia. Miaka yote hiyo naye hakujua.

"Dada, sema jina ya Papa, nipate kuanza."

Mama aliinamisha kichwa. Nikalitamka jina la yule mtu, polepole, silabi kwa silabi, kama ulivyonifundisha. Mzee Kabongo akalirudia, akaanza kugonga.

Nina hasira nawe, na ninakulilia, vyote pamoja. Mume wa yule bibi aliitwa akasikia. Wewe umelala hapo, anaitwa mwingine.

Hata humu siwezi kuliandika lako la kweli, maana barua hii huenda ikaangukia mikononi mwa wengine. Na jina langu siliandiki hapa chini, kwa kuwa nalo ni la yule mtu.

Lala, baba.

Mwanao wa kwanza