Mbuzi wa Krismasi

Gachau, mtoto wa mama yangu, huko Doha,

Sisi hapa Mugutha tuko tu. Mvua imekataa, lakini Mama anakunoneshea mbuzi wa Krismasi na hataki mtu amguse.

Kile kipande cha titi Mama alichotoa kwa utafiti kililetwa kwetu maabara, Thika. Namba yake niliibandika mwenyewe. Tunakitia kingamwili, inayong'ang'ania protini inayoziamrisha seli za saratani zizidi kuzaana. Ikiipata, pale panageuka kahawia.

Kiligeuka kahawia chote.

Majibu ya utafiti haambiwi mgonjwa wala watu wake, kwa hivyo sijakwambia kitu. Jana Mama aliniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema poa.

Usingoje Krismasi. Njoo Agosti. Mbuzi ameshanona vya kutosha.

Dadako,
Magdalene