Mnofu Mmoja na Tani Moja na Nusu

Jumatatu, 18 Februari 2019

Nimechaguliwa! Kura ishirini na mbili kati ya ishirini na tisa. Hao saba waliobaki wana wivu tu, nawajua. Kuanzia leo mimi ni mjumbe wa kamati ya kupanga ngazi za mishahara. Mimi Sigvaldi, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne nikaenda kuvua, nikaiona Grimsby, nikaiona Lagos – leo dereva wa foklifti, kigari cha kuinua mizigo, ndiye anayeamua nani alipwe nini! Mwalimu wangu wa hesabu angefufuka, angekufa tena.

Mambo yenyewe ni haya. Sheria mpya inataka kila kazi kiwandani ipewe alama: ujuzi, wajibu, nguvu, mazingira. Kazi zenye alama sawa zilipwe sawa, awe mwanamume, awe mwanamke. Tusipofanya hivyo, kiwanda hakipati cheti cha malipo sawa. Kamati ni watu watatu: Hallmundur meneja, mimi kwa niaba ya wanaume wa mashine na foklifti, na Steinvör kwa niaba ya wanawake wa mezani, wale wanaotoa miiba kwenye minofu ya samaki.

Steinvör ni dada wa mke wangu. Miaka ishirini na saba mezani, yuko ngazi ya tatu. Mimi ni ya sita.

Kanikamata mlangoni. "Shemeji, safari hii nisipotoka ngazi ya tatu, naacha kisu mezani na hamnioni tena." Hakucheka. Na huyu ni mwanamke anayecheka hata msibani!

Jumatano, 20 Februari

Mtaalamu wa kupima kazi kafika kutoka Reykjavík, mji mkuu. Eydís. Hajatimiza thelathini, kompyuta mbili, na viatu vya kitambaa kwenye theluji! Nikampa soksi zangu za sufu za akiba. Kazivaa palepale. Tukaelewana.

Katufungulia jedwali la zamani la kiwanda. Nguvu: foklifti, alama tano kati ya tano. Wanawake wa mezani: moja. Nikajipiga kifua. Nikakunja mkono wa shati, nikamwonyesha Eydís msuli, asije akadhani ni maneno matupu. Hallmundur akasema hapo hapana mjadala, nguvu ni nguvu, tuendelee. Steinvör akaniangalia. Akaniangalia tu.

Baada ya kazi, bwawa la maji ya moto. Njáll na Bergsteinn, madereva wenzangu, walikuwa wananisubiri, mvuke umewafunika hadi masikioni. "Mzee, hizo tano zilinde kama mayai," Njáll kasema. Bergsteinn ana mapacha wa miezi minne na nyumba ya mkopo. Yeye hakutania. Kauliza tu kama nyongeza ya mshahara ya mwezi wa nne iko palepale. Nikamwambia lala usingizi, kamatini yuko Sigvaldi.

Ijumaa, 22 Februari

Yale macho ya shemeji hayajaniacha. Nikamuuliza Eydís: hizi tano zangu zilitoka wapi hasa? Akatafuta, akatafuta, akapata karatasi ya meneja aliyekuwepo zamani. Kaandika: "Uzito unaoinuliwa kwa mara moja. Foklifti, kilo 1,500. Meza, gramu 600."

Kilo elfu moja na mia tano! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Jamani, inayoinua ni foklifti! Mimi nimekaa. Na kiti kina joto! Miaka kumi na moja nalipwa kwa misuli ya chuma, nami nikaonyesha mkono wangu mbele ya watu.

Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Gramu mia sita. Ndiyo, mnofu mmoja. Lakini nani aliwahi kuona mwanamke wa mezani akiinua mnofu mmoja akaenda nyumbani?

Jumatatu, 25 Februari

Leo nimewaka! Nimeingia kikaoni, nikasema: tusihesabu kuinua mara moja, tuhesabu siku nzima. Kila meza ina mizani yake, na mizani inaandika. Eydís akafungua Ijumaa ya Steinvör. Minofu elfu moja mia moja na themanini. Kilo mia saba na nane! Kwa vidole! Amesimama, kwenye baridi!

Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki kupita kiasi, nikasema sasa nipimeni mimi. Eydís akapanda foklifti, akakaa ubavuni mwangu zamu nzima na daftari. Jibu: kilo tisa.

"Pamoja na chupa ya kahawa," kaongeza. Huyu binti atafika mbali.

Hallmundur akatikisa kichwa. "Bwana wee, unajikata mkono mwenyewe."

"Mkono gani? Si umesikia haufanyi kazi?"

Steinvör alicheka mpaka akashika meza. Wiki nzima sijamsikia akicheka hivyo.

Alhamisi, 28 Februari

Siku kubwa. Niandike vizuri.

Hallmundur alishikilia kuwa kutoa miiba ni kazi nyepesi, yeyote anaiweza. Nikamwambia: vaa aproni, twende, saa moja tu. Sote. Kavaa. Kumkatalia Sigvaldi mbele ya wanawake kumi na wanane – hathubutu!

Mimi nilitoa minofu sitini na mitatu. (Kumi na minane ikarudishwa. Siyo mbaya!) Hallmundur, arobaini. Ikarudishwa ishirini na sita, imejaa miiba kama mswaki. "Meneja, huyu samaki umemchoma sindano?" mmoja akauliza kutoka mwisho wa meza. Saa ilipoisha, vidole vyake vilikuwa vimekataa hata kufunga vifungo vya koti. Steinvör akamfunga, kimoja kimoja, hadi shingoni. "Pole, baba. Ukifika nyumbani umwambie mama akupe maziwa." Wanawake wakagonga visu mezani, kelele ikafika bandarini!

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya maandazi ya krimu, kama kila mwaka kabla ya Kwaresima. Eydís kaleta sinia zima. Tukapiga kura midomo imejaa.

Wanawake wa mezani: NGAZI YA SITA! Mikono mitatu juu, na wa Hallmundur ukiwemo – ulipanda polepole, bado unauma. Steinvör kala maandazi manne mfululizo, kisha akanipiga mgongoni pigo moja, nikatema krimu. Sasa najua kilo mia saba na nane zinakwenda wapi.

Eydís akapangusa mikono. "Imebaki foklifti."

Tukajumlisha. Tukarudia. Ngazi ya nne. Mshahara haushuki, sheria hairuhusu, lakini tayari tunalipwa zaidi ya ngazi hiyo, kwa hiyo nyongeza ya mwezi wa nne inatupita. Mimi, Njáll, Bergsteinn.

Hallmundur akanivuta dirishani. Tuwaongezee madereva alama kwenye wajibu, kasema, nani atajua? Na niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nililifikiria. Nilimfikiria Bergsteinn na wale watoto. Nililifikiria kwa muda wa andazi zima. Kisha nikaona: alama za uongo ndizo zilizomweka shemeji chini miaka ishirini na saba. Nikasema hapana.

Basi iandikwe: mimi ndiye mwanamume wa kwanza katika ghuba hii kujishusha ngazi mbili kwa akili yake mwenyewe! Nani mwingine angeweza? Hawana akili hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi. Nyumbani mke kaweka nyama ya chumvi na njegere jikoni, harufu nimetoka nayo kwenye koti.

Orodha ya ngazi mpya inabandikwa saa sita. Njáll na Bergsteinn hawajui. Nataka walisikie kwangu, siyo ukutani. Nimekuja mapema chumba cha kahawa, nimewamiminia tayari. Nimejaribu kuanza na utani. Nimejaribu mara tatu. Wote mbovu!

Steinvör kaingia na aproni yake, kakaa kando yangu. Nikamwambia nenda kazini, shemeji, hili ni langu. "Nyamaza," kasema. "Mtu hapeleki habari kama hii peke yake."

Wanakung'uta theluji mlangoni. Bergsteinn anacheka jambo – anacheka vizuri sana huyu jamaa. Mlango –