Siku Tatu Nilizokuambia Usijibu

Mdogo wangu Salimu,

Najua barua hii haikufikii. Umezikwa Maskati, kwenye makaburi nisiyoyajua hata yako upande gani wa mji, na waliokuosha si watu wa kwetu. Mjomba alisema kwa simu kuwa ulishikwa na homa siku tatu tu, ukaenda zako. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa jirani mwenye simu, funguo za kibanda changu cha leso mkononi, nikamjibu "ahsante" kana kwamba ameniarifu mzigo umefika. Tangu siku hiyo nina neno lako kifuani. Kwa kuwa siwezi kukuambia wewe, nitaliandika hapa mbele za watu, wasome wote. Wakinisema, na waniseme.

Unaukumbuka mlango wa chumba cha uani, pale kwetu Kisauni? Miaka ya themanini hiyo, ungali mdogo. Mama akitoka tu kwenda matangani, sisi tunaung'oa kwenye bawaba, tunaulaza juu ya mapipa mawili na kufunga kamba ya kuanikia katikati, basi meza ya mpira ishakuwa. Raketi zetu zilikuwa soli za champali kuukuu. Mpira tulikuwa nao mmoja, na ukibonyea tunauchovya kwenye maji moto mpaka ujae tena. Nilikuwa nikikufunga kila siku, usikatae. Ulikuwa ukilia, unajifuta kamasi kwa mkono, kisha unasema, "Tena."

Halafu nikavunja ungo, mama akasema msichana mkubwa harukiruki uani majirani wakamtazama. Mchezo wangu ukaishia hapo. Wewe ukaendelea, ukawa unakwenda kuchezea ukumbini Changamwe, na ukirudi unakaa kwenye kizingiti cha jiko kunisimulia pigo moja baada ya jingine. Mimi nakuna nazi, nakwambia wacha maneno, nenda kaoge. Uongo mtupu. Nilikuwa nikizingoja hadithi zile tangu alasiri, na siku usipocheza nilikuwa nakasirika bila kujua nimekasirikia nini.

Kwa hiyo ulipopunguzwa kazi kwenye ile ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ukaja kuniambia utafungua duka la vifaa vya mpira wa meza, mimi ndiye niliyefurahi wa kwanza, ingawa usoni nilikununia. Nilikuuliza nani atanunua. Wachezaji wa maana Mombasa nzima wangeenea kwenye jamvi moja na nafasi ikabaki. Ukanijibu kuwa ndiyo maana hutafungua Kisauni wala Changamwe, utafungua kwenye intaneti, wakuone wa Dar, wa Unguja, wa Kampala, kila mji wenye wachezaji watatu wanaohangaika kutafuta raketi. Ulikuwa umejifunza mambo hayo kwenye kompyuta ya ofisini. Mimi hata sikujua hiyo intaneti inakaa wapi. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza duka lisilo na mlango mteja ataingilia wapi.

Kiinua mgongo chako chote ulikimaliza kwa yule mzee wa Kihindi kule mjini aliyekuwa akifunga duka lake la michezo. Alikuuzia raketi, nyavu na maboksi ya mipira kwa bei ya kutupa. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu aliyeuza vitu hivyo maisha yake yote anafurahi hivyo kuviona vinaondoka. Ukavipanga chini ya kitanda cha mama. Joto la kwetu likawa linabandua raba za raketi, nawe kila Ijumaa baada ya sala unazitoa moja moja, unazifuta, unazigundisha upya na kuzizungushia gazeti. Mama akilalamikia harufu ya gundi, unamcheka tu.

Na Mjomba naye alikuwa amekwisha kukuletea viza ya kazi ya bohari, Maskati. Hukutaka kwenda. Ulisema wazi, mbele ya mama, kuwa baba alikwenda Arabuni kwa miaka miwili na hadi leo tunamngoja, na wewe hutamfanyia mama hivyo mara ya pili. Tukapatana mle chumbani. Viza ilikuwa inakwisha baada ya Idi. Ukipata mteja mmoja mkubwa kabla ya hapo, unabaki. Usipompata, unakwenda. Mimi ndiye niliyeyasema masharti hayo, maana mimi ndiye dada mkubwa na nyumba ilikuwa inakula kwa leso zangu.

Ukurasa wako uliutengeneza pale Magongo, kwenye ofisi ya kupiga chapa iliyokuwa na kompyuta na laini ya simu. Walikuwa wakitoza kila dakika, ndiyo maana ulikuwa ukiandika kwanza nyumbani kwenye daftari. Ulinipeleka siku moja niuone. Lo, Salimu! Picha ya raketi ilichukua muda mpaka nikadhani mashine imeharibika, ikawa inajitokeza kidogo kidogo kuanzia juu. Chini kulikuwa na kidude kinachohesabu watu waliopita. Ulinishika bega ukanionyesha.

Hapo ndipo nilipoanza kukuharibia. Nilitazama bei ulizoandika, nikakwambia uzipandishe mara mbili. Ulinibembeleza sana siku ile. Ulisema mteja wa huku hana wa kuvutana naye, akiona ghali anapita tu, bei hii ndiyo neno la kwanza na la mwisho. Nikakuuliza nani kati yetu anauza sokoni Kongowea tangu asubuhi mpaka jioni. Bei ya mwisho haitajwi kabla watu hawajasalimiana. Mteja atacheka, ataondoka hatua kumi, utamwita, mtakutana katikati, na kila mtu ataona amemshinda mwenziwe. Ndivyo watu wanavyonunua, na asiyefanya hivyo ana lake. Ulinitazama, ukasema, "Haya, Dada," ukazibadilisha.

Watu wakapita. Kidude kikahesabu. Hakuna aliyeandika. Waliojitokeza ni wale waliosikia habari hapa hapa mtaani, nao hawakununua, walikuja nyumbani, wakanywa kahawa ya mama na kuomba kuazima raketi waijaribu. Utamnyima jirani? Mfungo ukaingia, na wewe ukawa unakwenda Magongo na kurudi umefunga, midomo imekukauka, huna jipya.

Kisha katika kumi la mwisho la Ramadhani ukaja mbio. Ulikuwa umeichapisha barua yenyewe kwenye karatasi, ukanisomea palepale kibandani mbele ya wateja. Mwalimu wa michezo wa chuo kimoja Dar es Salaam alikuwa anataka raketi thelathini na nyavu zake kwa mashindano. Aliuliza mambo mawili tu, kama mzigo upo, na kama bei ni hiyo hiyo. Ulikuwa unataka kurudi Magongo saa ile ile kumjibu ndiyo na ndiyo. Nikakushika kanzu.

"Usijibu," nikakwambia. "Huyo anaanza kuvuta. Akiuliza bei ni hiyo hiyo, maana yake anataka uishushe. Mwache siku tatu, atarudi mwenyewe na bei yake."

Ukasema, "Dada, na asiporudi?"

Nikakujibu kuwa anayejibu haraka ana njaa, na mwenye njaa hauzi, anauziwa. Wateja wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, wallahi, nisikufiche. Nilikuwa nakufundisha biashara mbele za watu.

Siku tatu zile hukufutari vizuri. Mama alidhani unaumwa, akakuchemshia uji wa pilipili manga. Ya nne ulikwenda Magongo, ukarudi kabla ya magharibi, ukakaa kwenye kizingiti cha jiko. Nikakuuliza, vipi? Ukanijibu bila kuniangalia sana kuwa mwalimu ameshapata raketi za rahisi Nairobi. Bei yetu hangeiweza hata tungemjibu siku ile ile. "Riziki ilikuwa haiko, Dada," ukasema. Nikasema wateja wa Dar ndivyo walivyo, wagumu. Ukasema ni kweli, wagumu. Kisha ukaniomba tende.

Ukaondoka wiki moja baada ya Idi. Mama hakulia mpaka teksi ilipopinda. Ulinipa kikaratasi chenye neno la siri la sanduku lako la barua kwenye kompyuta, ukaniambia nikipata nafasi nipite Magongo, huenda akatokea mtu anayetaka zile raketi. Nikasema inshallah, nikakitia kwenye mkoba. Sikupita. Mara leso zimeingia, mara mama miguu, mara mvua. Barua zako zilikuwa zikifika, fupi, zimejaa salamu, na katika kila moja ulikuwa ukimwuliza mama kama gundi bado inanuka. Miezi saba tu uliishi huko, Salimu, na bohari yenyewe hukuwahi kunieleza ikoje.

Baada ya hitima nilikwenda. Sikuwa na la kutafuta, nilitaka tu kukaa ulipokuwa ukikaa. Msichana wa pale Magongo akanifungulia lile sanduku kwa kile kikaratasi, akanionyesha pa kubonyeza. Barua mpya haikuwapo. Za zamani zilikuwa mbili, zote za yule mwalimu. Ya kwanza ni ile uliyonisomea. Ya pili nilikuwa sijawahi kuiona, ilikuwa imekwisha kusomwa, na tarehe yake ni ya siku ile ile uliyorudi ukaniomba tende.

Imekaa kichwani mwangu neno kwa neno. "Bei yenu tuliikubali tangu mwanzo na pesa za chuo zilikuwa tayari. Tulichotaka ni jibu tu, tujue mpo. Kimya kilipozidi tukadhani hakuna mtu, tumelazimika kuagiza kwingine. Samahanini."

Kwa hiyo ulijua. Ulisoma maneno hayo peke yako kwenye kile kiti, ukatoka na kurudi hadi Kisauni umefunga, na njiani ukanitungia uongo ili mimi nisijue. Ulikaa nami wiki zile mbili, ukala nami Idi, ukaniaga, na hukunitupia hata jicho baya. Ungenipigia kelele ningeweza kukujibu, ningekuomba radhi, mama angetupatanisha. Sasa nani atanipatanisha na wewe? Mama sijamwambia. Kila akikuombea dua huniambia niitikie amina, nami naitikia, na sauti yangu naiona ya mwizi.

Watu wananiambia siku yako ilikuwa imekwisha kuandikwa, ungebaki Kisauni ungekufa Kisauni. Mimi namwamini Mungu, Salimu, lakini hilo haliniliwazi. Ungekufa Kisauni ningekushika kichwa.

Nilimwambia yule msichana nataka kumjibu mwalimu. Akanifungulia mahali pa kuandika, akanisogezea kiti. Nilitafuta herufi moja moja kwa kidole mpaka nikapata neno moja, "Tupo." Nikalitazama. Msichana akaniuliza kama aitume. Nikamwambia hapana, afute, maana aliyeulizwa hayupo, nipo mimi peke yangu.

Lala, baba. Nisamehe ukiweza.

Dada yako,
wa Kisauni