Kombi ya Kileleshwa na Lori la River Road

Satellite, Jumamosi, Julai 1975

Jua halijaonekana tangu Jumatano. Manyunyu yanaanguka na kuacha, yanaanguka na kuacha, na nguo nilizoanika juzi bado zinanuka unyevu. Nimeingiza jiko la makaa ndani, nimekaa karibu nalo na daftari hili magotini.

Leo nimeliona lile lori. Limetengenezwa likaisha.

Baba Jerida, mume wangu, tumemzika wiki tatu zilizopita.

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu watu wote nimewasimulia vingine, na nimeanza kuuzoea uongo wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa greda. Kwa miaka ishirini na mmoja serikali ilimpeleka kila mahali palipohitaji barabara: Garissa, Marsabit, Narok, Mau Summit. Yeye alilala kwenye hema za kambi, mimi nikalala hapa Nairobi, nikipiga taipu katika ofisi moja mjini na kumlea binti yetu. Alikuja mwisho wa mwezi, akaoga, akalala siku mbili, akarudi. Sisemi tuliishi vibaya. Nasema tuliishi kwa barua.

Katika barua hizo alirudia ahadi moja. Akistaafu, atanipakia kwenye gari anionyeshe barabara zake, polepole, tukilala pale usiku utakapotukuta. Mimi sijawahi kupita Nyeri upande ule. Nilikuwa nikizisoma barua hizo na kucheka peke yangu, kwa sababu alieleza kona za barabara kama mtu anayeeleza sura za watoto wake.

Mwezi wa pili mwaka huu ugali ulianza kumkwama kooni. Mwezi wa tatu, hata wali. Tulipokwenda hospitali mara ya pili, daktari aliniita kando kwenye veranda akaniambia ni kansa na haiwezi kutolewa.

"Kama kuna mahali mzee anataka kwenda, mpeleke sasa," alisema. "Usingoje mvua iishe."

Nje, Baba Jerida aliniuliza daktari amesema nini. Nilimwambia ni vidonda.

"Sawa," akasema, akavaa kofia yake.

Alipewa kiinua mgongo chake mapema kwa sababu ya ugonjwa, na jambo la kwanza alilosema ni gari. Gari lisilo la kukaa tu, kwani hakuweza tena kukaa muda mrefu bila kulala chali, wala kula hotelini. Alikuwa anakunywa uji mwepesi, kidogo kidogo, na lazima uwe wa moto. Alitaka gari lenye kitanda na jiko. Kaka yake alimwona kama amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa.

Tuliona magari mawili.

La kwanza lilikuwa Kombi, Kileleshwa, kwa mwalimu mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na kiti kinachokunjuliwa kikawa kitanda, jiko dogo la gesi, dumu la maji, na mapazia ya manjano aliyoyashona mwenyewe. Paa lilinyanyuka kwa turubai ili mtu asimame. Injini haikuwa na kasoro. Baba Jerida alivua viatu, akajilaza, na nyayo zake zikagusa mlango wa nyuma.

"Inatosha," akasema. Kisha akapiga godoro kando yake kwa kiganja. "Mama Jerida, njoo ulale tuone kama tutaenea."

Yule mwalimu aligeuka, akajifanya anatafuta kitu bustanini. Nililala. Tulienea, bega kwa bega, uso wangu ukiwa karibu na mdomo wake.

Nikasema nimeona lingine mjini, tusiharakishe.

La pili lilikuwa lori lililokuwa limeegeshwa nyuma ya gereji moja ya River Road. Wapimaji wa ardhi waliwahi kulitumia, na mgongoni lilibeba nyumba ya mbao: chumba cha mbele chenye meza na kitanda, chumba cha nyuma chenye kitanda kingine, choo kidogo kama kabati. Paa lilivuja. Injini ilikuwa imefunguliwa, nusu yake iko chini juu ya magunia. Fundi Mutiso, Mkamba mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alisema wiki tatu.

Nilipambana kwa ajili ya lori lile kama wakili. Nikamwambia mume wangu kwamba ndani yake atasimama wima bila kunyanyua paa. Kwamba ana mwili mrefu, atalala amejinyoosha. Kwamba kuna choo, hatahitaji kutoka gizani huko Marsabit. Kwamba nitapika vizuri zaidi.

Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Sababu ni kwamba Kombi ilikuwa na kitanda kimoja na lori lilikuwa na viwili, na kati yake nafasi ya mlango.

Nimeandika. Mkono wangu haukuoza.

Pumzi yake ilikuwa imeanza kunuka. Si harufu ya mtu asiyepiga mswaki; harufu ya kitu kinachooza ndani, na yeye haisikii. Alikuwa akitemea mate kwenye mkebe na kuufunika kwa kitambaa safi, mtu nadhifu sana. Nami nilikuwa mwanamke aliyelala peke yake miaka ishirini na mmoja. Nilimpenda katika barua. Nilipofikiria kufungiwa naye ndani ya kisanduku kile chenye mapazia ya manjano, mbali na hospitali, mbali na jirani hata mmoja wa kumwita, naye akifa akiwa amenigusa bega, niliogopa. Tena lori lilihitaji wiki tatu. Wiki tatu ambazo nisingelazimika kwenda.

Daktari aliniambia nisingoje. Nilichagua kungoja.

Baba Jerida alinisikiliza mpaka nikamaliza. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki ya kukwaruza tu. Alisema, "Ile ndogo iko tayari. Mimi ningeenda hata Jumatatu."

"Utaumia humo ndani," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Wewe ndiye utakaa na mimi. Chagua wewe."

Nikachagua.

Wiki tatu zikawa tano. Kipuri kimoja kilikuwa kinatoka Mombasa, kikaja kisicho chenyewe, kikarudishwa. Kila Jumamosi Baba Jerida alikwenda River Road na koti lake la mvua, akaketi juu ya tairi, akiangalia kazi. Wiki ya sita nilimsindikiza kwa sababu alikuwa anayumba. Siku hiyo, pale Dagoretti Corner, tuliiona Kombi ikipita. Mapazia yalikuwa yale yale, na nyuma kulikuwa na watoto watatu wakipunga mikono kwa kila mtu.

"Imeenda," akasema.

Kisha akapandisha kola ya koti lake la mvua.

Alifariki siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kitandani kwetu, hapa Satellite, nikiwa jikoni napasha uji. Hata hapo sikuwa kando yake.

Tulimsafirisha kwenda Maragoli kwa pikapu ya kukodi. Wanawake wa kanisa tulikaa nyuma na jeneza, tumejifunika mablanketi. Baada ya Nakuru barabara ilianza kupanda kuelekea Mau Summit, ikawa laini, tukaacha kurushwa. Dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Mama, kipande hiki ni cha mzee. Mjomba wangu alikuwa kibarua wake hapa." Wenzangu wakaacha wimbo. Nikaitazama ile lami jinsi ilivyokata kona, bila haraka, na nikaelewa kwamba safari yetu ndiyo hiyo. Alikuwa ananionyesha.

Tulipumzika hapo kidogo. Sikuweza kushuka.

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe.

Jerida anasomea uuguzi Kisumu. Alipofika nyumbani kwa mazishi aliniuliza kwa nini baba yake hakwenda safari, wakati aliandikiwa kwamba gari limepatikana. Nikamwambia fundi alichelewesha. Sentensi moja tu. Basi fundi Mutiso, ambaye alifunga gereji yake akasafiri siku nzima kuja kutuzikia mtu wetu, alisimama kwenye foleni ya kutupa mkono wa pole, na binti yangu akakataa mkono wake mbele ya watu.

"Wewe ulikula wakati wa baba yangu," alimwambia. "Ulikuwa unamdanganya kila wiki."

Mutiso alivua miwani akaifuta kwa shati. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, karibu kiasi cha kumgusa, nikaangalia viatu vyangu.

Jana alituma neno ofisini kwamba kazi imekwisha, nije nione. Leo nimekwenda.

Lori limepakwa rangi ya kijani. Paa jipya, meza imepigwa vanishi, na kati ya vyumba viwili kuna mlango wa mbao nzito ya mninga wenye komeo la shaba. Komeo liko upande wa chumba cha mbele tu. Nilidhani amekosea, nikamuuliza mbona chumba cha nyuma hakina.

"Ni mzee alitaka hivyo," Mutiso akasema. "Alikuja siku moja katikati ya wiki, peke yake. Akaniambia mlango uwe mzito, na komeo iwe kwa mama. Alisema akikohoa sana mama hapati usingizi, heri afunge. Mimi nilimwambia, mzee, mtu hafungii mgonjwa. Akasema hapana, weka tu."

Nikashika fremu ya mlango.

Kwa hiyo alijua. Sijui tangu lini, pengine tangu pale Kileleshwa alipopiga godoro na kuuona uso wangu. Alijua ninachokikimbia, akapanda basi na koo lile kwenda kuniagizia komeo. Hakunilaumu. Natamani angenilaumu.

Nilimwambia Mutiso kila kitu, tumesimama ndani ya nyumba ile ya mbao, nje vyuma vinagongwa. Kwamba Kombi ilikuwepo na ilikuwa tayari. Kwamba daktari alinionya. Kwamba Jerida alimtukana kwa neno langu.

Sikutegemea anisamehe, na hakunisamehe.

"Mama," akasema, "mimi pia ile wiki ya nne nilipokea kazi ya mtu mwingine, nikaweka yenu kando siku tano. Hiyo siku tano nayo nimelala nayo. Lakini yule msichana alinikatalia mkono mbele ya wazee. Mimi nina watoto pia."

Nikamwambia Jerida atausikia ukweli kutoka kwangu.

"Afadhali," akasema, akaenda kuwasha injini ili nisikie inavyonguruma. Inanguruma vizuri. Shemeji yangu analitaka lori kwa kubebea matofali. Nimemwambia Mutiso aling'oe nyumba, mlango na vyote, na shemeji achukue kilichobaki. Mimi siwezi kuendesha, na hata kama ningeweza, nisingelala humo.

Jerida anafika kesho na basi la mchana. Atakuwa na baridi, na amechoka, na atanikumbatia kwanza, kama kawaida yake. Ninajijua. Akishakaa nitamletea chai, nitauliza habari za Kisumu, nitaona jinsi alivyokonda, nami nitajiambia si leo.

Kwa hiyo nitamwambia mlangoni, kabla hajavua koti.