Mzee Aliishia Getini

Jumapili, Desemba 1988

Naogopa kuzima taa. Mzee wangu amelala, lakini akinyamaza kidogo tu naenda kumgusa. Kukicha tu, hospitali, atake asitake.

Mwezi wa nne tulipoenda Mombasa kwa harusi ya binti yetu Achieng' alibeba mizigo yote mwenyewe. Na wageni wetu siku zote husindikizwa na yeye, mpaka steji, angoje gari liondoke. Nikimkumbusha presha yake hujibu, "Mgeni haachwi mlangoni."

Leo dada yake alikuja na mumewe kutoka Asembo. Tulikula samaki, tukacheka. Walipoaga, mzee alifika getini akasimama. "Leo wasindikize wewe," akaniambia.

Nilikasirika. Vyombo vimejaa, magoti yananiuma, naye anajifanya bwana mkubwa! Nikaenda nao nimenuna.

Kurudi, nikamkuta palepale. Nilidhani ananingoja, hasira ikaniisha. Kumbe alikuwa amelishikilia geti asianguke.

"Mama Achieng'," akasema polepole, mdomo umekwenda upande, "nirudishe nyumbani."

Na nyumba ilikuwa hapo hapo nyuma yake.