Karamu ya Maji

Jumanne, 12 Desemba 1972
Karamu tena. Sisi Wabahai wa kijiji hiki hukutana kila baada ya siku kumi na tisa: sala, mashauriano, chakula. Mimi na jirani yangu Mama Kulwa jikoni, kama kawaida. Kuni mbichi, moshi mtupu. Baba Nyamizi, mume wangu, amesoma maandiko juu ya usawa wa mke na mume. Anasoma vizuri. Kisha akaagiza chumvi.

Jumatano, 13 Desemba
Kumbe jana walishauriana pia habari za wanangu. Wote wawili wamemaliza la nne. Darasa la tano liko Urambo, na tumbaku inataka mikono, basi mmoja tu ndiye aende. Maganga ataenda. Dada yake, Nyamizi, atabaki shambani. Wote waliafiki, anasema Baba Nyamizi. Wote. Mimi nilikuwa nanyonyoa kuku wao.

Ijumaa, 15 Desemba
Mvua. Tumepandikiza miche ya tumbaku tangu alfajiri, mgongo si wangu. Nimemkumbusha Baba Nyamizi: imani yetu inasema ukishindwa kusomesha wote, anza na binti. Amejibu kwamba hayo ningeyasema kwenye mashauriano. Nina hasira hadi ugali haushuki.

Jumamosi, 23 Desemba
Nimechoka. Kijiji cha Ujamaa, shamba la wote, jiko la mmoja.

Nimeliwaza neno hili, karamu. Mwalimu aliyetufundisha imani kule Chemchem, Tabora mjini, kwenye karamu yake alitupatia maji ya kunywa tu, akasema yanatosha. Sisi tulisikia karamu, tukakimbilia kuku. Neno limetuponza.

Jumapili, 31 Desemba
Karamu kwetu. Sikuwasha moto. Nimeweka mtungi wa maji na vikombe katikati, nikaketi mkekani. Mama Kulwa naye akaketi. Baba Nyamizi kila mara anatupa jicho jikoni.

Baada ya sala nikalisema la Nyamizi. Nikaona aibu, nikaendelea. Mzee Kapela, mwenyekiti wa baraza letu, akauliza mbona siku ile sikusema. Nikamwambia nilikuwa nampikia. Akainamia kikombe chake.

Wameamua upya: Nyamizi aende, Maganga asubiri mwaka mmoja. Mume wangu ameafiki wa mwisho. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumatatu, 1 Januari 1973
Nyamizi amefunga sanduku lake mapema, halina kitu. Maganga amenuna. Shambani kutwa. Mistari ya tumbaku ya Nyamizi sasa ni yangu.

Jioni tumerudi, jiko baridi. Baba Nyamizi akaketi kizingitini kunisubiri. Nami nikaketi. Tukasubiri wote wawili, giza likaingia. Mwishowe akainuka yeye, akauliza kiberiti kiko wapi.