Baada ya Salamu

Ijumaa, 1 Agosti

Kola mbili na mikono minne kabla ya saa nne. Cherehani imevunja sindano tena. Saa tano Mama akaniita kama kila Ijumaa. Zuhura, njoo umwandikie ndugu yako.

Athmani yuko visiwani, kaskazini mwa Lamu, anajenga jabia la kukingia maji ya mvua. Kambini kwao hakuna mtandao. Ijumaa huvuka kwenda kuswali kijiji cha pili, na huko simu yake ya vibonyezo hupata pumzi. Kuongea haiwezekani, sauti hukatika. Ujumbe ndio hupenya. Basi Mama husema, mimi huandika.

Kinachonitesa ni salamu. Kwa Mama waraka ni nusu ya kuonana, na huwezi kuonana na mtu ukaanza na shida. Simu inahesabu: herufi mia na sitini, kisha zinashuka. Kwa kawaida nabana salamu zake zikatosha ukurasa mmoja, kama ninavyobana dera kwenye kitambaa pungufu. Leo zimepita, kwa sababu leo kuna neno. Nimeunakili ujumbe wenyewe:

"Asalam aleikum mwanangu Athmani. Natumai hujambo na kazi haijambo. Sisi hapa sote wazima, mimi, dada yako na watoto. Bi Rukia anakusalimu, Mzee Kombo pia. Baada ya salamu, mwanangu, naumwa. Nakutaka uje nikuone. Usikimbie njiani, lakini usikawie."

Nikamwambia, Mama, unasemaje wazima na miguu imevimba hivi? Akasema wazima ndio mlango, ugonjwa uko ndani, na mtu huingia kwa mlango. Nimetuma. Kurasa mbili.

Jumamosi, 2 Agosti

Jibu liliingia jana alasiri, sikuliona mpaka leo. "Waleikum salam Mama. Nimefurahi sana mu wazima. Msalimie Bi Rukia na Mzee Kombo. Jabia likiisha mwezi ujao inshallah nitakuja. Msalimie dada."

Nimelisoma mara tatu. Mama amwambia naumwa, njoo, yeye amjibu jabia.

Nimemsomea. Mama akasema mwanamume haachi kazi ya watu katikati, na akaomba uji. Mimi sikuweza kula. Nimekasirika hadi nimeshona mfuko wa kanzu ya watu ndani nje.

Jumatatu, 4 Agosti

Hospitali tangu alfajiri. Daktari ni kijana, mpole, hakunificha. Figo zimechoka. Kwa umri wake na moyo wake hawezi kuhimili tiba kubwa. Akauliza kama kuna mtu ambaye Mama angependa kumwona. Nikasema yupo. Akasema mwiteni sasa.

Mama alikuwa kwenye benchi nje, anamuuliza muuguzi habari za watoto wake mmoja mmoja. Sikumwambia kitu. Nafikiri anajua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepiga simu ya Athmani mara kumi na mbili. Mteja hapatikani. Namba ya bosi wake sina. Hakunipa, na mimi sikuomba. Hatuombani kitu, yeye na mimi, tangu mwaka juzi.

Niseme kwa nini, maana hapa hanioni mtu. Baba alipofariki Athmani hakutokea. Siku ya tatu, watu wameshaondoka, nilimpelekea ujumbe. Maneno manne. "Baba tumemzika bila wewe." Hakuna salamu, hakuna jina. Hajajibu mpaka leo. Anamwandikia Mama, na mimi ananiweka mwisho, msalimie dada, kama mtu anayeufunga mlango taratibu.

Nimefikiria kwenda mwenyewe. Basi mpaka kivuko, boti mpaka Lamu, boti nyingine tena. Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Nani atamgeuza Mama kitandani? Bi Rukia jirani ana mgongo. Mzee Kombo haoni vizuri. Watoto wangu bado wadogo. Basi nimekaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama ameniita saa tano. Sauti imekuwa ndogo. Nilimwomba leo tuanze na ugonjwa. Nilimwomba kwa heshima, nimepiga magoti kando ya kitanda.

Alikataa. "Mwanangu, ujumbe usio na salamu ni wa mambo mawili, ugomvi au kifo. Akiusoma peke yake huko ugenini, si ataanguka? Mpigie hodi kwanza."

Salamu zile zile, neno kwa neno, anazisema kama dua. Baada yake, naumwa, njoo. Safari hii kaongeza fanya hima. Nikatuma. Saa saba na nusu nikajaribu kupiga. Ilipokelewa! Nilisikia halo, halo, sauti yake kama iko ndani ya debe. Nikapiga kelele, Mama mgonjwa. Ikakatika. Nikapiga tena, mteja hapatikani.

Kisha jibu lake. "Waleikum salam. Alhamdulillahi kwa uzima. Naona mmenipigia, huku hakusikiki kitu. Leo tumekula papa wa nazi lakini hafikii wako Mama. Msalimie dada."

Papa wa nazi!

Nilitoka uani. Nikaandika mwenyewe, bila kuketi. "Mama anakufa. Wewe jenga jabia lako." Nikabonyeza.

Sijuti.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kauliza kama Athmani kajibu. Nikasema kajibu, anakuja. Uongo. Akatabasamu, akaniambia nitoe shuka ya kitanda cha wageni ianikwe.

Nimeianika.

Ujumbe wangu simu inasema umetumwa, haijasema umefika. Alikuwa ameshavuka kurudi kambini. Atausoma Ijumaa ijayo.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijui niandike vipi.

Tundu la chaji la simu yangu limelegea, nikaipeleka kwa fundi pale karibu na soko. Akiwa anachokonoa akaniuliza mbona nimekunja uso hivi, dada. Nikamweleza, kwa hasira, ili naye anisaidie kumlaani Athmani. Hakumlaani. Akauliza anatumia simu gani. Nikasema ya vibonyezo, kongwe, sawa na ya Mama hii hapa. Nilikuwa nayo mkobani.

Akachukua ule ujumbe wa Mama wa Ijumaa akautuma kwenye simu ya Mama. Ukaingia. Akanipa nisome.

Asalam aleikum mwanangu Athmani. Natumai hujambo na kazi haijambo. Sisi hapa sote wazima, mimi, dada yako na watoto. Bi Rukia anakusalimu, Mzee Kombo pia.

Basi. Umeishia kwenye pia. Hata nukta haikuingia.

Fundi akaeleza. Ujumbe mmoja ni herufi mia na sitini. Ukizidi, unakatwa vipande, na kila kipande kinatoa herufi saba za kuviunga, kama nafasi ya mshono. Simu hizi zikijaa, hupokea kipande kilichopata nafasi, kingine hubaki nje kwa mtandao mpaka kioze. Sanduku la Mama limebakiza nafasi moja tu, hajawahi kufuta kitu. La Athmani huenda vilevile.

Kwa hiyo hajui. Ijumaa mbili Mama anamwambia njoo nikuone, na yeye anasoma sisi sote wazima, anafurahi, anamtania kwa papa wa nazi. Hajakosa kitu. Hajui!

Nikamwambia fundi, kuna ujumbe wangu uko njiani, urudishe. Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki. Hakuna namna. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaandika mwingine papo hapo. "Asalam aleikum ndugu yangu. Nisamehe. Mama anaumwa sana, anakuita. Njoo kwa upole." Nimehesabu, unatosha. Fundi akasema utakaa foleni. Kama ana nafasi ya ujumbe mmoja, utaingia uliotangulia.

Uliotangulia ni ule wa uani.

Jumatano, 13 Agosti

Bado hakuna hata mmoja uliofika. Ninautazama mshale mmoja kwenye simu tangu asubuhi. Madera ya watu yamelala mezani hayajakatwa.

Mama hali kitu. Anakunywa maji kwa kijiko.

Nilimwambia ukweli leo, kwa sababu siwezi kubeba peke yangu. Kwamba salamu zake zilifika, na neno la njoo halikufika. Kisha akauliza, "Wewe umemwandikia?" Nikasema nimemwandikia. "Kwa salamu?"

Labda ningedanganya. Nilishadanganya Jumapili. Sikuweza.

Hakunigombeza. Alisema tu, masikini mwanangu, na sikujua ni yupi kati yetu. Kisha akaugeukia ukuta. Ningependa angenipiga kofi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama amefariki saa nne kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimeshika kijiko.

Alizikwa baada ya alasiri. Watu walisema tungoje mwanawe wa kiume. Mzee Kombo akauliza tungoje mpaka lini, na mimi ndiye niliyetakiwa kujibu.

Bi Rukia aliniletea simu, mwarifu nduguyo. Niliifungua. Mia na sitini, tupu. Niandike nini? Ule wa Baba ulikuwa maneno manne. Mkono umekataa.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa tano hakuna aliyeniita.

Saa saba na dakika ishirini, mshale wa pili. Umefika. Wangu wa uani. Ule wa nisamehe haujafika.

Hakujibu.

Jumapili, 17 Agosti

Amefika adhuhuri.

Wanawake walikuwa ukumbini wanasoma Kurani. Nilimwona mlangoni, viatu vimekaukiwa na saruji, shati alilofanyia kazi. Hakubeba hata begi. Boti ya kwanza ilikuwa imejaa, akaning'inia kwenye ya mizigo. Anapumua kwa mdomo kama mtu aliyekimbia kutoka stendi, na ndivyo.

"Dada, nimewahi?"

Hakusema asalam aleikum. Athmani, mtoto wa Mama, ameingia nyumba yenye watu bila salamu.

Bi Rukia alinyanyuka na mgongo wake ule akamshika. Alipoelewa alikaa chini pale pale penye viatu vya wageni. Nilikuwa na maneno mengi tangu Jumatatu. Nikaenda kutandika kitanda.

Amelala kitanda cha wageni. Shuka ilikuwa safi.

Jumanne, 19 Agosti

Hitma imekwisha. Watu wameondoka, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Athmani ameosha viatu.

Jioni alikuja chumba cha cherehani, akaketi juu ya kifurushi cha vitambaa. Nikamweleza yote, tangu fundi. Vipande, nafasi, foleni. Nilimweleza haraka, bila kumtazama. Nilisema pia kwamba nilikuwa nimekasirika, na kwamba wa Baba vilevile niliandika kwa hasira.

Akanipa simu yake. Sanduku limejaa mpaka juu. Asalam aleikum mwanangu Athmani. Asalam aleikum mwanangu Athmani. Ijumaa baada ya Ijumaa, zote kwa mkono wangu. Hakufuta hata moja. Akasema kila wiki hufuta tangazo la kampuni ya simu ili apate nafasi ya mmoja, kwa sababu Mama siku zote alikuwa na mmoja.

Chini kabisa, wa kwanza kuliko zote, wangu wa Baba. Naye alikuwa ameutunza. Ulimfikia baada ya siku tisa, akasema. Hakujua hata kama Baba aliumwa.

Tulikaa. Muadhini alimaliza, hatukunyanyuka.

Kisha akauliza, "Baada ya salamu, alisema nini?"

Kwangu ule wa kwanza upo wote. Nilitaka kumsomea, akakataa. Anataka umfikie. Nikamwambia hakuna nafasi, afute wangu, ule wa chini. Aliutazama kidogo, akaufuta. Ule wa nisamehe ulikuwa umeshaoza njiani.

Nilikata salamu, kwa kuwa hizo anazo. Nikatuma kilichobaki. Simu yake ililia mkononi mwake, mimi na yeye tumeachana hatua mbili. Alisoma kimya, midomo inacheza. Baada ya salamu, mwanangu, naumwa. Nakutaka uje nikuone. Usikimbie njiani, lakini usikawie.

Herufi tisini na moja. Zimeingia zote.